Vijito Vinavyojaa Wakati wa Baridi

Katika sehemu tano za dunia mvua hunyesha majira ya baridi na kupungua sana majira ya joto. Sehemu hizo ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, California huko Marekani, Chile ya kati, kusini-magharibi mwa Australia pamoja na kipande cha kusini yake, na ile pembe ya Afrika Kusini yenye jiji la Cape Town na milima iliyo nyuma yake. Theluthi mbili hivi ya mvua ya mwaka, na mara nyingi zaidi ya hapo, huanguka katika nusu ya mwaka iliyo ya baridi. Ukijumlisha maeneo yote matano bado ni sehemu ndogo ya nchi kavu, lakini viumbe wa vijito vyake ni wengi kwa aina, na wengi wao hawapatikani kwingine popote.

Kwa aliyezoea masika na vuli, mpangilio huo ni kinyume cha mambo. Katika Afrika Mashariki mvua kubwa huja jua likiwa kali, kwa hiyo maji na joto hufika pamoja na kila kitu huchipuka kwa wakati mmoja. Huko Cape maji yanapokuwa mengi, siku ni fupi, mto ni baridi na mwani haukui upesi. Jua linaporudi na maji kupata joto, mto umeshaanza kupungua. Kiumbe wa kijito cha namna hiyo ana dirisha dogo, wiki chache za mwisho wa baridi na mwanzo wa joto, ambapo maji bado yapo na mwanga umeshatosha. Karibu kila kitu cha maana katika maisha yake, kutaga, kuanguliwa, kukua, kuruka, hubanwa ndani ya dirisha hilo.

Mwaka wa mto huenda kwa hatua. Huko Cape mvua huanza Aprili au Mei, hufikia kilele kati ya Juni na Agosti, kisha hupungua Septemba na Oktoba. Mafuriko ya baridi huviringisha mawe, hukomba mwani, husafisha tope lililojaza nafasi kati ya kokoto na kuwatupa mbali wadudu na samaki wasio na mahali pa kujishikiza. Baada yake maji hushuka polepole kwa wiki nyingi. Kwanza hukauka sehemu zile za mbio zenye maji ya kina kifupi juu ya mawe, halafu mto hukatikakatika ukawa mfululizo wa madimbwi, na kati ya Januari na Machi baadhi ya madimbwi nayo hukauka. California na nchi za Mediterania hupitia hatua hizo hizo, ila kwa miezi iliyogeuzwa.

Kinachotabirika ni majira. Kiasi hakitabiriki: mwaka mmoja mafuriko hung'oa miti ya kingo, mwaka unaofuata mto haupandi hata hadi kiunoni. Viumbe wamejizoesha kutegemea kalenda kuliko wingi wa maji, na jambo hilo ndilo linaloeleza karibu yote yanayofuata.

Mabadiliko ya majira huonekana wazi zaidi kwa wadudu. Katika miezi ya maji baridi yanayokimbia hutawala makundi matatu ambayo wanasayansi huyaita efemeroptera, plekoptera na trikoptera. Watoto wao hukaa chini ya mawe, hupumua kwa matamvua au kwa ngozi, na huhitaji maji yenye oksijeni nyingi. Joto likizidi na mkondo ukisimama, makundi hayo hupungua, na nafasi yao huchukuliwa na mbawakawa wa majini, kunguni wa maji na watoto wa kereng'ende, ambao wengi wao hupanda juu kuvuta hewa au huweza kuruka kutoka dimbwi hadi dimbwi, na wengi ni wawindaji. Mtaalamu anayekagua kijito mwezi Septemba na mwenzake anayekikagua kile kile Februari wanaweza kuandika ripoti zisizofanana hata kidogo, na wote wawili wakawa wameandika ukweli. Vipimo vya afya ya mto vilivyotungwa kwa mito ya Ulaya ya kaskazini, isiyokauka, vimewahi kuitia mito ya kusini katika kundi la mito michafu kwa sababu tu ilipimwa wakati wa kiangazi.

Njia za kuvuka ukame ni kadhaa. Wadudu wengi hukamilisha utoto wao kabla maji hayajaisha, huota mbawa na kuondoka, wakiacha mayai yaliyolala kwenye mchanga hadi mvua itakaporudi. Wengine huzama ndani ya kokoto, ambako maji huendelea kupita chini kwa chini hata pale ambapo juu pameshakauka. Samaki na viluwiluwi hujikusanya madimbwini, wakibanana na adui zao. Kwa samaki kulala mchangani ni jambo la nadra, ingawa huko Australia yuko mmoja anayefanya hivyo hasa.

Samaki huyo huitwa Lepidogalaxias salamandroides. Ni mdogo, hafiki sentimita 8, na huishi katika vidimbwi vya maji meusi yenye asidi kwenye nyika za kusini-magharibi mwa Australia Magharibi. Alielezwa kisayansi mwaka 1961. Macho yake hayazunguki, lakini shingo yake hukunjika, jambo geni kwa samaki, kwa hiyo humwona windo kwa kugeuza kichwa. Dimbwi linapokauka hujichimbia kwenye mchanga wenye unyevu, hujikunja na kupumua kwa ngozi mpaka mvua inyeshe, na mara maji yakirudi huwa nje ndani ya muda mfupi. Pwani ya Tanzania na Kenya ina samaki wadogo wa rangi kali wa jenasi ya Nothobranchius, nao huishi katika madimbwi ya msimu, ila wao hufa dimbwi likikauka, na mayai yao ndiyo yanayobaki kwenye tope. Yule wa Australia hulala yeye mwenyewe, akiwa hai.

Milima ya Cape inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwamba wake ni jiwe la mchanga la kale sana, lisilotoa madini mengi, na juu yake kumeota kichaka kinachoitwa fynbos, chenye majani magumu yaliyojaa tanini. Maji yanayochuruzika kutoka humo huwa safi lakini yenye rangi ya chai kavu. Yana asidi, chini ya pH 5 katika baadhi ya vijito, na chakula ndani yake ni kidogo. Mtu angetegemea maji maskini namna hiyo yawe matupu. Badala yake yamejaa wadudu wa asili ya kale, ambao ndugu zao wa karibu wako Madagascar, Australia au Amerika Kusini, kumbukumbu ya wakati mabara hayo yalipokuwa yameungana. Familia nzima za trikoptera zipo huko na karibu hazipo kwingine. Mmoja wao, Barbarochthon brunneum, ndiye peke yake katika familia yake. Kingoni huota mpalmiet, Prionium serratum, mmea wenye majani ya msumeno na mashina yanayosukana hadi yakaziba nusu ya mto. Mafuriko huulaza bila kuung'oa, na mizizi yake hushika kingo zisibomoke. Wakulima wengi waliung'oa kwa sababu ulionekana kuziba maji, kisha wakashuhudia kingo za mashamba yao zikimomonyoka.

Si viumbe wote wa eneo hilo wanaostahimili kukauka. Kwenye Mlima Table, juu ya Cape Town, kuna chura aitwaye Heleophryne rosei, ambaye hapatikani mlima mwingine wowote. Kiluwiluwi chake kina mdomo mpana unaonyonya jiwe, hivyo huweza kukwangua mwani kwenye maporomoko bila kusombwa. Kukua kwake huchukua zaidi ya mwaka mzima, yaani ni lazima avuke angalau kiangazi kimoja majini. Kijito kikikauka hata kwa wiki chache, kizazi chote kimekwisha. Mabwawa yaliyojengwa juu ya mlima huo tangu miaka ya 1890 kwa ajili ya maji ya jiji yalipunguza mtiririko wa baadhi ya vijito hivyo, na chura huyo sasa yumo katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Katika mlima mmoja, basi, viumbe wanaohitaji ukame na viumbe wasiouvumilia huishi bonde kwa bonde, na anayepanga matumizi ya maji hawezi kuwahesabu wote kuwa kitu kimoja.

Uhusiano kati ya mafuriko ya baridi na maisha ya kiangazi umechunguzwa kwa kina zaidi huko California, kwenye tawi la kusini la Mto Eel, ambako Mary Power wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake wamefuatilia mto huo kwa miongo kadhaa. Mhusika mkuu ni trikoptera mkubwa, Dicosmoecus gilvipes. Lava wake, yaani mtoto wake wa majini, hujijengea ala ya vijiwe na kuibeba mgongoni. Samaki wengi hawawezi kumla, naye hula mwani bila woga. Mafuriko makubwa yakija wakati wa baridi, mawe yanayobingirika huwasaga lava hawa kwa wingi. Hapo mwani uitwao Cladophora huota kwa uhuru majira ya machipuko, ukanyooka kwenye mkondo kwa nyuzi za mita kadhaa. Juu ya nyuzi hizo hukua diatomu, vijimea vya seli moja vyenye ganda kama kioo. Baadhi yake, za jenasi ya Epithemia, zina bakteria ndani ya seli zinazonasa naitrojeni, kwa hiyo hustawi hata maji yakiwa maskini. Kadiri zinavyoongezeka mwani hubadilika kutoka kijani kuwa wa manjano, kisha wa rangi ya kutu. Wadudu wadogo huzila, na samaki wachanga wa jamii ya trauti huwala wadudu hao.

Mafuriko yasipokuja, mambo huwa tofauti. Lava wenye ala hubaki wengi, huukwangua mwani ukiwa bado mfupi, na chakula huishia kwao. Samaki huogelea katika mto uliojaa wadudu wasiomezeka. Na miaka ya maji machache sana yenye joto, kwenye madimbwi huota bakteria za kijani-buluu zenye sumu, ambazo zimewahi kuua mbwa waliokunywa maji ya Mto Eel. Wengi wangedhani kuwa mafuriko ndiyo janga na utulivu ndio neema. Katika mto huu mafuriko ya Januari ndiyo yanayowalisha samaki wa Julai.

Shida kubwa za vijito hivi huanza binadamu anapoivuruga kalenda, na mfano mzuri ni samaki wa Bonde la Olifants na Doring, kaskazini mwa Cape Town. Humo yumo Labeo seeberi, ndugu wa karibu wa ningu wa Ziwa Victoria. Kama ningu anavyopanda Nzoia au Kagera mvua inaponyesha, huyu naye hupanda kutoka Mto Doring kwenda vijito kama Biedouw, ila hungoja baridi inapoelekea kwisha, maji yanapoanza kupata joto kidogo. Hutaga juu ya kokoto, kisha wakubwa hurudi mtoni. Wachanga hubaki kwenye kijito wakikimbizana na kiangazi. Zamani waliteremka kabla kijito hakijakatika, au walivumilia madimbwini. Sasa mashamba huvuta maji mapema, madimbwi hukauka haraka, na walionusurika hukutana na besi.

Besi ni samaki mwindaji kutoka Amerika ya Kaskazini, aliyeletwa Afrika Kusini katika miaka ya 1920 na 1930 kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Jamaa yake alipandikizwa pia katika Ziwa Naivasha mwaka 1929. Samaki wadogo wa Cape hawakuzoea mwindaji wa namna hiyo, na madimbwi ya kiangazi hayana pa kukimbilia. Dimbwi moja lenye besi wachache linaweza kumaliza kizazi cha mwaka mzima cha samaki wenyeji. Wahifadhi na watu wa kujitolea wameanza kuwavua wachanga wa Biedouw kwa nyavu kabla madimbwi hayajakauka, wakawapeleka kwenye malambo ya mashamba yasiyo na samaki wa kigeni, na kuwarudisha mtoni wakishakuwa wakubwa kiasi cha kutomezeka. Kazi hiyo huokoa maelfu ya samaki, lakini haina mwisho ikiwa chanzo cha tatizo kitabaki pale pale.

Mto mdogo wa Rondegat, katika milima ya Cederberg, ulionyesha njia nyingine. Juu ya maporomoko yake, ambayo besi hakuweza kuyapanda, samaki wenyeji walikuwa wengi. Chini yake, kwa kilomita kadhaa, wadogo wote walikuwa wametoweka. Februari 2012 maji ya kipande cha kilomita 4 hivi yalitiwa rotenoni, sumu ile ile iliyomo katika utupa ambao wavuvi wa Afrika Mashariki wameutumia tangu zamani kulevya samaki. Kazi ikarudiwa mwaka 2013. Mwezi wa Februari ulichaguliwa kwa sababu maji yako chini kabisa: sumu kidogo inatosha, na ni rahisi kuizima kabla haijafika mbali. Kiangazi, kinachowatesa samaki wenyeji, kilitumika kuwasaidia. Besi waliisha, wadudu waliopungua wakarudi, na samaki wenyeji wakateremka wenyewe kutoka juu ya maporomoko na kukijaza kipande kile. Kuna waliopinga kutia sumu mtoni kwa hoja ya uhifadhi, na wasiwasi wao ulikuwa wa haki. Hata hivyo matokeo ya Rondegat ni vigumu kuyabeza.

Miti nayo inakunywa. Miwati ya Australia, jamii ile ile inayopandwa Njombe kwa ajili ya magome yake, ilienea kando ya mito ya Cape ikafuatana na mikaratusi. Huvuta maji zaidi kuliko fynbos, tena wakati wa kiangazi ambapo kila lita ina mwenyewe, na kivuli chake kizito huwanyima jua wadudu waliozoea mito ya wazi. Serikali ya Afrika Kusini ilianzisha mwaka 1995 mpango mkubwa wa kuajiri watu kukata miti hiyo. Kereng'ende adimu walirudi upesi kwenye vijito vilivyosafishwa. Mmoja wa eneo hilo, Spesbona angusta, alikuwa ameshadhaniwa kuwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 2003.

Mabwawa huvuruga kalenda kwa namna isiyoonekana haraka. Bwawa la umwagiliaji hukusanya mafuriko ya baridi na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa joto, kwa hiyo mto chini yake hupoteza kilele chake na kupata maji wakati ambao ungepaswa kupungua. Kwa jicho la kawaida mto huo umeneemeka, kwani unatiririka mwaka mzima. Kwa viumbe wenyeji ni hasara, maana mto usiokauka na usiofurika ndio hasa unaowafaa besi na wageni wengine. Huko California chura Rana boylii hubandika mayai yake kwenye mawe majira ya machipuko, akitegemea maji yashuke taratibu. Bwawa likiachia maji ghafla mayai husombwa, likifunga ghafla hubaki juani.

Chini ya Bwawa la Clanwilliam, lililojengwa mwaka 1935 kwenye Mto Olifants, mtafiti Jackie King na wenzake walifanya majaribio ya kuachia mafuriko madogo ya makusudi. Samaki mkubwa wa huko, Labeobarbus seeberi, aliitikia kwa kutaga mafuriko yalipokuja pamoja na maji ya joto. Maji baridi kutoka vilindi vya bwawa yalipofuata, utagaji uliharibika. Kazi za namna hiyo zilichangia Sheria ya Maji ya Taifa ya Afrika Kusini ya mwaka 1998, inayotaka kila mto uwekewe akiba ya maji, kwanza kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe, kabla ya kugawa yanayobaki. Bwawa la Berg River, lililozinduliwa mwaka 2009, lilijengwa likiwa na njia ya kuachia mafuriko ya makusudi. King alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2019, na mbinu alizosaidia kuzitunga zimetumika pia kupanga maji ya Bonde la Pangani nchini Tanzania, ambako misimu ni tofauti lakini ugomvi kati ya umeme, mashamba na mto ni ule ule.

Hali ya hewa sasa inaisogeza kalenda yenyewe. Kusini-magharibi mwa Australia mvua za baridi zimepungua tangu miaka ya 1970, na maji ya ardhini yanayolowesha mchanga wa yule samaki mlalaji yanashuka. Cape Town ilipitia ukame mkali kati ya 2015 na 2018, hadi jiji likawa linahesabu siku za kufunga mabomba. Makadirio ya wataalamu wa tabianchi kwa sehemu nyingi za maeneo haya yanaelekea upande mmoja: ukavu zaidi. Vijito vya kudumu vitaanza kukatika, na vinavyokatika vitakaa vikavu muda mrefu kuliko mayai na lava wanavyoweza kuvumilia. Kuyafuatilia mabadiliko hayo si rahisi, kwa sababu vituo vya kupimia mtiririko vimewekwa zaidi kwenye mito mikubwa isiyokauka, penye maji ya kuuza au kugawa. Vijito vidogo vya juu, ambako ndiko wadudu na vyura wengi adimu waliko, kwa sehemu kubwa havina hata kipimo kimoja.